Kabla Hujanunua Msumeno: Kweli na Uongo wa Karakana ya Nyumbani Pwani

Kutoka Tegeta, ukipita Bunju, Mapinga na Kerege hadi Bagamoyo mjini, nyumba mpya zinachomoza pande zote mbili za barabara. Viwanja vya huku bado vina nafasi kuliko vya Sinza au Kinondoni, na mwenye ua mpana hakawii kuwaza banda la kazi: mahali pa kutengenezea kitanda cha mtoto, rafu za jikoni, au ule mlango ambao fundi ameuahidi tangu Ramadhani iliyopita. Ushauri nao haukosi. Muuza vifaa wa Gerezani, Dar es Salaam, ana wake, jirani ana wake, na video za mtandaoni, nyingi zikiwa zimepigwa kwenye nchi za baridi na hewa kavu, nazo zina wake.

Tumechukua madai kumi na moja yanayosikika sana na kuyapima moja baada ya jingine. Mengi yanaishia mahali pamoja: huku pwani, unyevu na chumvi ya bahari huamua mambo mengi kuliko ukubwa wa mashine. Anayeanza kwa kununua mashine huwa ameanzia mkiani.

Dai la 1: "Bila mashine huwezi kutoa kazi ya maana."
SI KWELI

Ushahidi uko Bagamoyo kwenyewe. Milango ya nakshi iliyobaki Mji Mkongwe, kwenye Barabara ya India na vichochoro vyake, ni kazi ya karne ya 19. Hakukuwa na umeme. Kulikuwa na msumeno, tezo, patasi, randa na macho ya fundi.

Teremka mpaka ufukweni kwenye majahazi na bado utaona kazi hiyohiyo. Fundi anayetoboa ubao kwa keekee hushika upinde mkono wa kulia, uzi wake ukiwa umezunguka mti wa keekee mara moja, na mkono wa kushoto hukandamiza kifuu au kipande cha mti kwa juu. Anavuta na kusukuma, ncha inazama, unga wa mbao unapanda kuzunguka tundu. Akitaka tundu lipinde kidogo kufuata umbo la taruma, ubavu wa chombo, anainamisha mwili. Drili ya umeme ingemaliza haraka zaidi. Isingetoboa vizuri zaidi.

Mashine huleta kasi. Unyoofu wa pembe, kipimo sahihi na kiungo kinachobana havitoki kwenye soketi. Kwa anayeanza, vinavyotosha ni msumeno mmoja mzuri wa mkono, randa, patasi nne za upana tofauti (kwa mfano milimita 6, 12, 19 na 25), skwea, futikamba, nyundo, jiriwa, vibanio vichache na jiwe la kunolea. Vyote vinaingia kwenye sanduku moja.

Dai la 2: "Patasi kali ni hatari. Butu kidogo ndiyo salama."
SI KWELI

Patasi butu haili ubao, kwa hiyo unaisukuma kwa nguvu ya bega, na ikiteleza inakwenda na nguvu yote hiyo kwenye kiganja. Iliyo kali hutembea kwa msukumo mdogo na inasimama unapotaka. Kipimo chake si kunyoa nywele za mkono. Chukua kipande cha paini, kiparue kwenye kichwa cha ubao, pale nyuzi zinapokatika. Patasi kali huacha sura laini inayong'aa. Butu huacha sura iliyochakaa, nyuzi zimelala na kupondeka.

Dai la 3: "Mbao ikishakauka, imekauka."
SI KWELI

Hili ndilo dai linaloharibu fenicha nyingi za pwani kuliko mengine yote. Mazungumzo ya kwenye banda la mbao yanajulikana. "Kavu hii?" "Kavu kabisa, bosi wangu, imekaa hapa tangu mwaka jana." Huenda muuzaji anasema kweli kwamba imekaa. Swali ni imekaa kwenye hewa gani.

Mbao haimalizi kukauka kama nguo kwenye kamba. Inavuta na kutoa unyevu maisha yake yote, ikifuata hewa inayoizunguka. Hewa ikiwa na unyevunyevu wa asilimia 80 na joto la nyuzi 27, hali ya kawaida Bagamoyo wakati wa masika, mbao hutulia ikiwa na maji karibu asilimia 16 ya uzito wake mkavu. Hewa ikishuka hadi asilimia 65, mbao hushuka hadi karibu 12. Ndani ya chumba chenye kiyoyozi, ambamo hewa ina unyevunyevu wa asilimia 50, inaelekea 9.

Kila inaposhuka, inasinyaa. Lakini inasinyaa upana tu, kukatisha nyuzi. Urefu karibu haubadiliki. Mtiki, ambao ni mti mtulivu, hupungua kama asilimia 0.2 ya upana kwa kila asilimia moja ya maji inayotoka, ikiwa ubao umepasuliwa kwa kufuata duara la mti. Chukua meza ya mtiki yenye upana wa sentimita 90, iliyoundwa Kerege mwezi Aprili mbao zikiwa na asilimia 16, kisha ikahamishiwa ofisi ya Masaki yenye kiyoyozi mchana kutwa. Maji yakishuka kwa asilimia 6 tu, meza hupungua zaidi ya sentimita moja. Kama uso wake umefungwa kwa gundi na misumari kwenye fremu isiyosogea, lazima kitu kikubali, na mara nyingi ni ubao wenyewe unaopasuka.

Mafundi wa zamani hawakuwa na hesabu hizi, lakini walijua dawa. Ubao wa katikati wa mlango wa paneli huingia kwenye mfereji wa fremu bila gundi, ukiachiwa nafasi ya kupumua. Uso wa meza hushikwa na parafujo zilizopitishwa kwenye matundu marefu, ili mbao itembee nazo bila kung'oka.

Kupima unyevu hakuhitaji kifaa cha bei. Kata kipande kutoka katikati ya ubao, si ncha, maana ncha hukauka kwanza na itakudanganya. Kipime kwenye mizani ya jikoni. Kiweke ndani ya oveni kwenye nyuzi 103, ukipime tena kila baada ya muda, hadi uzito usishuke tena. Kama kilianza na gramu 232 na kimeishia 200, maji yaliyotoka ni gramu 32, na 32 kwa 200 ni asilimia 16. Asiye na oveni apime ubao mzima kila wiki kwa mizani ya kuning'iniza. Siku utakapoacha kupungua, umelingana na hewa ya banda lako.

Na bandani mbao zipangwe vizuri: juu ya sakafu, zikitenganishwa kwa vijiti vya unene mmoja, kila kijiti kikae juu ya mwenzake kwa mstari wima, ncha za mbao zipakwe rangi ili zisikauke haraka kuliko katikati. Kanuni ya wazee wa kazi ni mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Joto la pwani linaweza kuufupisha muda huo. Unyevu wa masika unaurefusha.

Dai la 4: "Mninga na mtiki haviliwi na mchwa."
NUSU KWELI

Kiini cha mti, ile sehemu ya ndani yenye rangi iliyokolea, kina kemikali za asili zinazowachukiza mchwa na ukungu. Sehemu nyeupe ya nje, chini ya gome, haina. Mchwa hula nyeupe ya mtiki kama wanavyokula paini. Mtiki unaovunwa mdogo, na mwingi sokoni ni wa mashamba ya kupandwa kama Longuza kule Muheza, una nyeupe nyingi kwa kila ubao. Kabla hujalipa, geuza ubao utazame pande zote. Mstari wa rangi ya krimu ubavuni ndiko watakakoanzia.

Vipi kuhusu kupaka oili chafu ya gari? Inakaa juu juu, haizami, na ikishapakwa hakuna gundi wala vanishi itakayoshika. Aidha ina masalia ya kemikali yenye sumu, na hayafai kukaa kwenye kitanda anacholalia mtu.

Paini ya Sao Hill iliyotiwa dawa ni jambo jingine, na kwa mapaa na nguzo ni chaguo zuri. Ila kuna masharti. Dawa inayotumika sana ni mchanganyiko wa shaba, kromu na arseniki, ndiyo maana mbao huonekana ya kijani. Dawa haifiki ndani kabisa, kwa hiyo kila unapokata, paka dawa tena kwenye jeraha. Usitengenezee ubao wa kukatia mboga. Vipande vyake usipikie na usivichome uani, moshi na majivu yake vina arseniki. Maranda yake usiyamwage kwenye banda la kuku.

Kinga iliyo bora kuliko zote haipakwi. Mchwa hutoka ardhini kwa vijia vya udongo. Sakafu ya zege, rafu zilizoachana na ukuta kidogo, na tochi inayomulika pembe za chini kila wiki vitawafichua kabla hawajafika kwenye mninga wako.

Dai la 5: "Chuma cha pua hakishiki kutu."
NUSU KWELI

Wajenzi wa mitepe, vyombo vya kale vya pwani ya kaskazini, walishona mbao kwa kamba za nazi, bila msumari. Wajenzi wa majahazi waliokuja kutumia misumari huizungushia pamba iliyotiwa mafuta chini ya kichwa kabla ya kuigongelea ndani, na mwili wa chombo hupakwa sifa (mafuta ya papa) juu na deheni (shahamu iliyochanganywa na chokaa) chini. Hizo zote ni mbinu za kuishi na maji ya chumvi.

Chuma cha pua cha kawaida, kinachoitwa daraja la 304, hustahimili maji baridi vizuri. Chumvi ya bahari hukitoboa taratibu na kukiachia madoa ya rangi ya chai. Daraja la 316, lenye molibdenamu ndani yake, ndilo linalovumilia upepo wa bahari. Kwa bawaba za dirisha linalotazama maji, uliza daraja kabla ya bei. Shaba nyeupe nayo hufaa kwa kazi ndogondogo. Misumari ya kuzamishwa kwenye zinki ya moto, ile isiyong'aa sana, ina tabaka nene kuliko ile inayometameta.

Hewa hiyohiyo inaingia kwenye sanduku la vifaa. Adui asiyetarajiwa ni unga wa mbao: ukiachwa usiku juu ya meza ya chuma ya msumeno hunyonya unyevu na kuushikilia hapo, asubuhi unakuta ramani ya kutu. Fagia kabla ya kufunga. Futa patasi na randa kwa kitambaa chenye mafuta kidogo ya mashine. Weka vifaa kwenye kabati lenye mlango unaobana, mbali na mbao mbichi, kwa sababu mbao mbichi hutoa maji ndani ya kabati hilo.

Dai la 6: "Mashine za mbao zinataka umeme wa fezi tatu."
SI KWELI

Kwa kiwanda cha mbao, ndiyo. Kwa nyumbani, mota nyingi za msumeno wa meza, drili, ruta na mashine ndogo za kuranda ziko kati ya wati 500 na 2,000, na umeme wa kawaida wa nyumba, volti 230 kwa fezi moja, unaziweza. Mota ya wati 1,500 inavuta kama ampea 6.5. Soketi ya kawaida ni ya ampea 13.

Kinachoua mashine za nyumbani ni waya. Mwenye banda nyuma ya nyumba huvuta ekstensheni ya mita 30, nyembamba, iliyonunuliwa kwa ajili ya redio na chaji ya simu. Waya wenye unene wa milimita za mraba 0.75 kwa urefu huo hupoteza karibu volti 10 mashine ikiwa inazunguka kawaida. Lakini mota inapowaka hunyakua umeme mara tano au sita ya kawaida, na kwa sekunde hiyo waya huohuo hupoteza volti zaidi ya 45. Mota inaguna, haichangamki, inapata moto. Ukirudia mara nyingi kila siku, inaungua, na lawama zinaangukia bidhaa ya bandia. Waya wa milimita za mraba 2.5 hupoteza chini ya volti 3 kwenye kazi ileile. Na ukitumia ekstensheni ya kuzungushwa kwenye gurudumu, ivute yote: ikibaki imejikunja hujipasha moto yenyewe.

Njia iliyo sahihi ni kuvuta laini maalumu kutoka kwenye swichi kuu, iwe na kikata-umeme chake na kifaa cha kukata umeme unaovuja cha miliampea 30. Pwani kuna jambo la ziada: mchanga mkavu haupitishi umeme vizuri, na ethi iliyochomekwa kwenye mchanga wa juu huenda ikawa pambo. Fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mdhibiti wa nishati, ana kifaa cha kuipima. Mwache aipime, na ikibidi azamishe ethi ndani zaidi kufikia udongo wenye unyevu.

Hesabu ya LUKU, umeme wa kulipia kabla, nayo ifanywe mapema. Mashine ya wati 1,500 ikifanya kazi saa 20 kwa mwezi hula uniti 30. Kwa nyumba iliyo kwenye kundi la matumizi madogo, lisilozidi uniti 75 kwa mwezi, nyongeza hiyo inaweza kukutoa kwenye kundi hilo, na hapo bei ya kila uniti hupanda, hata ya jokofu na taa.

Dai la 7: "Grenda yenye diski ya meno inatosha kuchana mbao. Vaa glovu tu."
SI KWELI, mara mbili

Ukipita mitaa ya mafundi utaiona: grenda ndogo ya kukatia vyuma, kinga yake imetolewa, imefungwa diski ya meno ya kukatia mbao. Inakata, hilo halina ubishi. Tatizo ni kwamba grenda ndogo huzunguka kama mara 11,000 kwa dakika, na msumeno wa mviringo wa mkononi huzunguka kama 5,000. Diski nyingi za meno hazikutengenezwa kwa kasi hiyo. Haina bamba la kutulia juu ya ubao, haina kitu cha kuzuia mbao isiibane diski. Meno yakinasa, grenda inaruka nyuma kuelekea tumbo, paja au shingo, na mkono hauwezi kushindana nayo.

Glovu karibu na kitu kinachozunguka zinaongeza hatari. Mkono mtupu ukigusa meno unaumia. Mkono wenye glovu unavutwa wote ndani. Glovu ni za kubebea mbao zenye vibanzi. Ukiwasha mashine, zivue, pamoja na saa, pete na mikono mirefu ya kanzu au shati.

Dai la 8: "Vumbi la mbao ni la asili, halidhuru. Kitambaa puani kinatosha."
SI KWELI

Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliweka vumbi la mbao kwenye orodha ya visababishi vya saratani kwa binadamu mwaka 1995. Ushahidi mkubwa ulihusu saratani ya pua na mianzi yake kwa watu waliofanya kazi miaka mingi kwenye vumbi la mbao ngumu. Kabla ya kufika huko, kuna madhara ya karibu: vumbi la mvule linajulikana kwa kuleta pumu na kuwashwa ngozi, na la mpingo na mkongo husumbua watu wengi pia.

Maranda makubwa yanayoanguka sakafuni si tatizo la mapafu. Hatari ni lile vumbi unaloliona tu jua likipenya kwenye upenyo wa dirisha, na kitambaa au kanga hailizuii. Barakoa ya daraja la N95 au FFP2, inayokaza pembeni, ndiyo kipimo cha chini.

Hapa pwani inatupa msaada wa bure, ambao gereji iliyofungwa kwa baridi ya Ulaya haina: upepo. Kusi huvuma kutoka kusini tangu Aprili hadi karibu Septemba, na kaskazi kutoka kaskazini-mashariki tangu Novemba au Desemba hadi Machi. Banda lenye nafasi wazi pande hizo mbili hujisafisha mwaka mzima. Kazi ya msasa ifanyie upande upepo unakotokea, vumbi liondoke mbele yako. Angalia tu linakokwenda: kama ni dirishani kwa jirani, amani ya mtaa haitadumu.

Dai la 9: "Kitambaa cha mafuta kinaweza kuwaka bila kiberiti."
KWELI

Linasikika kama hadithi ya majini, lakini ni kemia. Mafuta ya linsidi, na vanishi zenye mafuta ya namna hiyo, hayakauki kwa kupotea hewani kama maji. Hukauka kwa kuungana na oksijeni, na kitendo hicho hutoa joto. Juu ya ubao joto linatawanyika. Ndani ya kitambaa kilichofinyangwa na kutupwa kwenye ndoo, joto halina pa kutokea, linapanda saa baada ya saa hadi kitambaa kinaanza kufuka. Siku ya joto huharakisha mambo. Tandaza kitambaa kimoja kimoja kwenye kamba nje hadi kikakamae, au kizamishe kwenye bati la maji lenye kifuniko.

Kwa hofu hiyohiyo ya moto, paa la makuti lifikiriwe mara mbili. Lina ubaridi ambao bati haliwezi kuutoa, na kwa kazi ya mikono tu ni zuri. Mara utakapoleta grenda ya kunolea vyuma, cheche na makuti makavu haviishi pamoja. Kazi za cheche zipelekwe nje, mbali na maranda, ndoo ya mchanga ikiwa karibu.

Dai la 10: "Mwembe wa uani ukianguka, ni mbao ya bure."
NUSU KWELI

Mwembe hutoa mbao nzuri yenye michirizi ya kuvutia, na ngalawa nyingi za pwani zimechongwa kutoka gogo lake. Lakini ni mti usiosubiri. Gogo likilala wiki kadhaa kwenye joto na unyevu, ukungu wa rangi ya buluu unaingia, na wadudu wanaotoboa mbao wanafuata. Lipasuliwe mapema na mbao zipangwe kwenye vijiti siku hiyohiyo.

Na miti ya nyumbani humeza vitu. Kwenye Misheni ya Wakatoliki ya Bagamoyo, iliyoanzishwa 1868, kuna mbuyu maarufu ambao mnyororo uliofungwa shinani zamani umezama ndani ya shina lake. Mwembe wako huenda umemeza misumari ya kuanikia kamba ya nguo, waya wa antena, au bawaba ya geti la zamani. Meno ya msumeno yatagundua kabla yako. Kagua shina kwa kifaa cha kutafutia vyuma, au tafuta madoa meusi yenye ubuluu: chuma kikikutana na utomvu huacha alama hiyo kwenye mti.

Dai la 11: "Mbao ukishailipia ni yako, karatasi za nini?"
SI KWELI

Sheria ya Misitu ya 2002 inataka mazao ya misitu yasafirishwe na hati, na Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, hukagua barabarani. Dai stakabadhi na hati ya kusafirishia kabla gari halijaondoka, hata kama ni mbao kumi za mninga kutoka Msata.  Boriti za mikoko nazo si za kujichukulia: misitu ya mikoko ni hifadhi, na kukata bila kibali ni kosa, hata kama nyumba za mawe za mababu ziliezekwa kwa boriti hizo.

Mwenye ndugu Oman anayefikiria kumpelekea mbao za mninga au mkongo ajue kwamba tangu 2023 miti hiyo iko chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na mbao zake zikivuka mpaka wa nchi zinahitaji kibali.

Basi pesa ianzie wapi?

Ukiyapanga majibu haya kwa mstari, utaona mpangilio wa matumizi ambao haufanani na ule wa dukani. Kwanza ni sakafu ya zege na paa lisilovuja, kwa sababu bila hivyo mchwa na masika watakula kila kitakachofuata. Pili ni rafu za kukaushia mbao, na mbao zenyewe za kuzijaza, maana hizo zinahitaji muda na muda haununuliki. Tatu ni vifaa vya mkono, jiwe la kunolea na kabati la kuvihifadhi. Nne ni laini ya umeme iliyopimwa, barakoa na kinga ya macho na masikio. Mashine ya kwanza ni ya tano.

Mbao zikiwa zinatulia kwenye vijiti, una miezi ya kujifunza kunoa na kuunga pembe kwa paini ya bei nafuu. Vyuo vya ufundi vya VETA hufundisha useremala kwa anayetaka mwalimu, na ufukwe wa majahazi hauna ada ya kutazama. Mninga utakapokuwa tayari, utajua wewe mwenyewe ni mashine ipi inakupungukia, na hapo ndipo uende Gerezani.